Msaada wa Uingereza unagawanywaje? Mwongozo kamili wa kufuata pesa kutoka London hadi kwenye mradi

Swali ni lile lile kila mwaka: Uingereza inatupa kiasi gani, na nani aliamua tupewe hicho? Majibu yanayoandikwa magazetini na kwenye ripoti za asasi nayo yanakosewa pale pale. Mmoja anachukua ahadi iliyotangazwa kwenye hafla na kuiandika kama malipo. Mwingine anajumlisha pesa za Uingereza na za UNICEF bila kujua kwamba ni zile zile. Wa tatu anatafuta kanuni ya hesabu inayosema nchi fulani ipate kiasi fulani, anaikosa, anaacha.

Kanuni hiyo haipo. Kilichopo ni mlolongo wa maamuzi, na karibu kila uamuzi umeacha karatasi inayosomeka. Tutaufuata kuanzia juu. Nimechagua Uingereza kwa sababu karatasi zake nyingi ziko wazi mtandaoni, ila ukishaijua njia unaweza kuitumia kwa Norway, Ujerumani au Japani kwa kubadilisha majina ya ofisi.

## Vitu vya kuandaa

Usianze kabla hujavikusanya hivi:

- Kompyuta yenye programu ya majedwali. Simu itakutesa.
- Ripoti ya takwimu inayoitwa Statistics on International Development, pamoja na majedwali yake. Hutoka mara mbili kwa mwaka: takwimu za awali majira ya kuchipua, za mwisho majira ya vuli. Tumia za mwisho kila zinapokuwepo.
- Tovuti ya DevTracker, inayoonyesha miradi ya Uingereza mmoja mmoja.
- Orodha ya nchi zinazostahili kupokea msaada, inayotunzwa na kamati ya wahisani ya OECD (jumuiya ya nchi nyingi tajiri), maarufu kama DAC.
- Hifadhidata ya OECD ya miradi ya misaada, inayojulikana kwa kifupi CRS.
- Vitabu vya bajeti vya serikali ya kwenu. Kwa Tanzania unahitaji hasa Juzuu la Nne, la matumizi ya maendeleo.
- Wastani wa mwaka wa kubadilisha pauni kwa shilingi, siyo bei ya leo asubuhi.

## Hatua ya 1: Andika swali lako kwa ukamilifu

"Uingereza inatoa kiasi gani Tanzania?" si swali la kujibika. Lazima useme mwaka gani, pesa za hatua gani, na kupitia njia ipi.

Kuhusu mwaka, hapa kuna kalenda tatu. Takwimu za kimataifa za msaada huhesabiwa Januari hadi Desemba. Serikali ya Uingereza inatumia mwaka wa fedha wa Aprili hadi Machi. Tanzania, Kenya na Uganda wanatumia Julai hadi Juni. Ukichukua namba kutoka kila kalenda na kuziweka kwenye jedwali moja, utapata "upungufu" wa mabilioni ambao haupo.

Kuhusu hatua, tenga mambo matatu: ahadi (kilichotangazwa), bajeti iliyoidhinishwa (kilichowekewa saini, mara nyingi kwa miaka kadhaa) na malipo (pesa iliyotoka kweli). Mradi wa pauni milioni 80 wa miaka minane hauleti milioni 80 mwaka huu, wala si lazima zitolewe kwa mafungu sawa.

Swali lililokamilika linasomeka hivi: "Mwaka 2023, Uingereza ililipa kiasi gani moja kwa moja kwa ajili ya elimu Tanzania?" Kama lako halijafika hapo, usiende hatua ya pili.

## Hatua ya 2: Pata ukubwa wa fungu zima

Kabla ya kuuliza nchi yako ilipata nini, jua kilichokuwepo mezani. Uingereza hupanga msaada wake kama asilimia ya pato lake la taifa. Sheria ya 2015 inataja lengo la asilimia 0.7. Mwaka 2021 serikali ilishusha matumizi hadi asilimia 0.5, na Februari 2025 Waziri Mkuu Keir Starmer alitangaza kwamba yatashuka hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027 ili pesa iende ulinzi. Waziri wa maendeleo, Anneliese Dodds, alijiuzulu siku chache baadaye kwa sababu hiyo.

Ile sheria haikufutwa. Lengo lisipofikiwa, inamtaka waziri apeleke maelezo bungeni, basi. Ndiyo maana hutakuta kura ya kuifuta ukiitafuta.

Faida ya kujua asilimia ni kwamba inakuonyesha kwa nini mradi wa kwenu unaweza kukatwa bila kosa lolote la kwenu. Mwaka 2020 lengo lilikuwa bado asilimia 0.7, lakini uchumi wa Uingereza uliporomoka kwa Korona, na Julai ya mwaka huo serikali ikapunguza pauni bilioni 2.9 kwenye mipango ya msaada. Asilimia haikuguswa, pesa ikapungua.

Chukua jumla ya mwaka wako kwenye jedwali la kwanza la ripoti ya takwimu. Kwa 2023 ni kama pauni bilioni 15.3.

## Hatua ya 3: Toa pesa zisizovuka mpaka wa Uingereza

Hapa ndipo wengi hushangaa. Kanuni za DAC zinaruhusu nchi mhisani kuhesabu kama msaada gharama za kuwatunza wakimbizi ndani ya mipaka yake kwa miezi 12 ya kwanza. Uingereza inazihesabu, na sehemu kubwa hupitia wizara ya mambo ya ndani, ikiwemo kulipia hoteli wanamokaa waomba hifadhi.

Mwaka 2022 gharama hizo zilikuwa kama pauni bilioni 3.7. Mwaka 2023 zikafika bilioni 4.3, yaani zaidi ya robo ya msaada wote wa Uingereza duniani. Pesa hiyo inatumika kihalali kwa kanuni za DAC, na inaingia kwenye takwimu za "msaada kwa nchi maskini" huku ikilipwa kwa wenye hoteli wa Kiingereza.

Kwa mgawo wa nchi yako, athari yake ni ya moja kwa moja. Gharama za wakimbizi hazisubiri: mtu akishuka uwanja wa ndege lazima alale mahali. Miradi ya nje inasubirika. Kwa hiyo katika kiangazi cha 2022, gharama zilipopanda kwa vita vya Ukraine na wimbi la Waafghani, malipo mengi ya nje yasiyo ya dharura yalisimamishwa kwa miezi. Serikali ilikuja kuongeza pauni bilioni 2.5 kwa miaka miwili, nazo hazikuziba pengo lote.

Kwenye hifadhidata ya CRS tafuta msimbo 93010. Ndio unaobeba gharama hizi. Utoe kwenye jumla, na toa pia gharama za utawala, msimbo 91010.

Angalizo: usiandike kwamba pesa hizi "zimeibwa". Andika zinakohesabiwa na zinakotumika. Inatosha, na hakuna msemaji wa ubalozi atakayekusahihisha.

## Hatua ya 4: Tenganisha mifuko ya pamoja na pesa za nchi kwa nchi

Kinachobaki kinagawanyika njia mbili.

Njia ya kwanza ni michango kwenye mifuko ya kimataifa: IDA, mfuko wa Benki ya Dunia wa nchi maskini, Gavi ya chanjo, Global Fund ya UKIMWI, kifua kikuu na malaria, na mashirika ya Umoja wa Mataifa. Uingereza ikishalipa mchango wake mkuu, haichagui tena nchi. Anayechagua ni mfuko wenyewe. IDA, kwa mfano, ina kanuni kweli: inaangalia idadi ya watu, kipato chao, na alama za utendaji wa sera ambazo Benki ya Dunia inaipa kila nchi. Hii ndiyo kanuni ambayo watu huisikia kisha wakadhani ni ya London.

Kwa mzunguko wa 21 wa IDA, Uingereza iliahidi pauni bilioni 1.98 kwa miaka mitatu. Kwa Gavi iliahidi bilioni 1.25 kwa 2026 hadi 2030, kutoka bilioni 1.65 za miaka mitano iliyotangulia. Sehemu ya pesa hizo inafika Tanga, Bungoma na Bukavu ikiwa chanjo au mkopo nafuu, bila bendera ya Uingereza juu yake. Ripoti ya takwimu ina jedwali linalokadiria mgao wa Uingereza katika pesa za mifuko hii kwa kila nchi. Ukilitumia, andika neno "makadirio".

Njia ya pili ni pesa za nchi kwa nchi, ambazo Uingereza yenyewe imeamua ziende wapi na kwa kazi gani.

Sasa mtego. Uingereza ikiipa UNICEF pauni milioni 5 kwa ajili ya lishe Zanzibar, hiyo inahesabiwa nchi kwa nchi, ingawa mlipaji wa mwisho ni UNICEF, kwa sababu aliyetaja mahali na kazi ni Uingereza. Mfano huu ni wa kubuni, lakini aina hii ya malipo ipo kila mwaka. UNICEF nayo itaandika milioni 5 zile zile kwenye ripoti yake. Ukijumlisha ripoti mbili umepata 10, na watoto wamekula lishe ya 5.

Ukifaulu: una namba tatu ambazo haziingiliani, yaani zilizobaki Uingereza, zilizokwenda mifuko ya pamoja, na za nchi kwa nchi. Jumla yake inarudi kwenye namba ya hatua ya pili, isipokuwa kwa tofauti ndogo za kukadiria.

## Hatua ya 5: Tafuta nani aliichagua nchi yako

Hii ndiyo sehemu yenye siasa, na ndiyo inayohitaji uvumilivu.

Anza na lango la chini. Nchi lazima iwe kwenye orodha ya DAC, ambayo hupitiwa kila baada ya miaka mitatu. Nchi ikibaki na kipato cha juu miaka mitatu mfululizo inatolewa. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimo.

Lango la pili ni la kisheria. Sheria ya Uingereza ya 2002 inamtaka waziri aridhike kwamba msaada wa maendeleo utachangia kupunguza umaskini. Mwaka 2014 iliongezwa kwamba lazima afikirie pia usawa wa jinsia. Ni sheria pana. Inazuia mambo ya ajabu, haimwambii aanze na nani.

Kisha pesa zinashuka hivi: Wizara ya Fedha inatoa kiwango kwa kila wizara katika mapitio ya matumizi, wizara ya mambo ya nje, FCDO, inagawa kwa idara zake za kanda na za sekta, kanda inagawa kwa ofisi za nchi ndani ya balozi, ofisi ya nchi inaandika andiko la kuombea mradi, na ofisa au waziri mwenye mamlaka kwa kiwango hicho cha pesa anatia saini. Wizara nyingine, kama za afya na nishati, zina mafungu yao ya msaada, ndiyo maana kuisoma FCDO peke yake hakutoshi.

Katika kila ngazi hoja ni tatu: hitaji, uwezekano wa pesa kuleta matokeo, na maslahi ya Uingereza. Uzito wa kila moja hubadilika na waziri. Usiamini anayekwambia ni umaskini tu, wala anayekwambia ni maslahi tu.

Angalia majirani zetu wawili. Mwaka 2011 Uingereza ilipitia upya misaada yake ya nchi kwa nchi. Ofisi za nchi ziliambiwa zieleze matokeo zitakayoleta kwa pesa zitakazopewa, na mwisho wake nchi 16 zikafungiwa programu. Burundi ilikuwa mojawapo, ikiwa kati ya nchi maskini kuliko zote duniani. Programu yake ilikuwa ndogo, na wahisani wengine walionekana kuwa na nafasi kubwa zaidi pale. Kamati ya bunge la Uingereza inayosimamia maendeleo ilipinga uamuzi huo bila mafanikio.

Rwanda ilibaki. Matokeo yake kwenye afya na elimu yalikuwa yakisifiwa London. Lakini mwaka 2012 msaada wa kibajeti wa pauni milioni 21 ulizuiwa kwa tuhuma za kuwasaidia waasi wa M23 mashariki mwa Kongo, na Februari 2025, baada ya M23 kuingia Goma na Bukavu, Uingereza ilisimamisha tena msaada wa moja kwa moja kwa serikali ya Kigali, isipokuwa unaowalenga walio maskini kabisa. Kipimo cha matokeo kilikuwa kizuri, siasa ikakipita.

Karatasi za kutafuta hapa ni ripoti ya mwaka ya FCDO, ambayo hutoa mgawo kwa kanda na nchi, majibu ya mawaziri bungeni, ripoti za kamati ya bunge ya maendeleo ya kimataifa, na za tume huru ya ukaguzi wa misaada, ICAI. Mawaziri wanapokata bajeti, tafuta pia tathmini ya athari kwa usawa. Ya Julai 2025 inataja waziwazi kwamba programu za Afrika, afya ya wanawake na elimu zingeumia. Nyaraka za aina hiyo huandikwa na watumishi wa umma kwa lugha baridi, na ndiyo maana zinasema ukweli kuliko hotuba.

## Hatua ya 6: Fungua mradi wenyewe

Tuchukue Shule Bora, mradi wa elimu ya msingi Tanzania Bara unaofanya kazi katika mikoa tisa, ikiwemo Kigoma, Mara, Simiyu na Tanga. Ulitangazwa kwa pauni milioni 89.

Andika jina lake kwenye DevTracker. Namba za miradi ya FCDO huanza na GB-GOV-1, ikifuatiwa na tarakimu. Inakili, ndiyo itakayokuokoa jina likibadilika katikati ya safari.

Kwenye ukurasa wa mradi soma kwanza bajeti, kisha kilichotumika hadi sasa, kisha tarehe ya mwisho. Mradi ambao muda wake umepita nusu na matumizi hayajafika robo una hadithi ndani yake: umechelewa kuanza, au umekatwa kimyakimya. Usikisie ni lipi. Nenda kwenye nyaraka.

Nyaraka tatu ndizo za kusoma. Andiko la mradi linaeleza kwa nini Tanzania, kwa nini elimu, na njia gani nyingine zilifikiriwa zikaachwa. Hapo ndipo utapata sababu za mgawo zikiwa zimeandikwa na waliouomba. Jedwali la malengo linaonyesha kilichoahidiwa kwa namba. Tathmini ya mwaka inatoa alama.

Alama hizo zinapotosha sana wasomaji wa kwetu, maana tumezoea A ya NECTA, ya mitihani ya taifa. Hapa A maana yake mradi umefikia ulichotarajiwa, si zaidi. Waliozidi hupata A+ na A++. B ni chini ya matarajio, C ni chini sana. Na kabla ya kuisifu A yoyote, linganisha jedwali la malengo la mwaka huu na la mwaka uliopita. Lengo likishushwa, A inakuja yenyewe.

Angalizo: katika orodha ya malipo utakutana na namba zenye alama ya kutoa. Ni marekebisho au pesa zilizorudishwa. Ukizifuta ili jedwali lipendeze, jumla yako itakuwa kubwa kuliko ukweli.

## Hatua ya 7: Linganisha na bajeti ya kwenu

Fungua Juzuu la Nne, safu ya fedha za nje. Kwa elimu angalia Fungu 46, Wizara ya Elimu, na Fungu 56, TAMISEMI. Utakuta sehemu tu ya ulichokiona DevTracker, au usikute kabisa.

Hilo peke yake si ushahidi wa wizi. Pesa nyingi za mradi hulipwa kwa kampuni au asasi inayouendesha na hazipiti Hazina. Mshahara wa mtaalamu wa mitaala unaolipwa na kampuni ya Kiingereza ni msaada kwa Tanzania kwenye vitabu vya London, na haumo kwenye vitabu vya Dodoma. Ukitaka kujua zilizopitia Hazina, soma taarifa za utekelezaji wa bajeti na ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ambazo huonyesha fedha za nje zilizopangwa na zilizopokelewa.

Weka safu nne kwenye jedwali lako: ilivyotangazwa, ilivyolipwa kwa hesabu za Uingereza, ilivyopangwa kwenye bajeti yetu, ilivyopokelewa. Visanduku vingine vitabaki vitupu. Viache hivyo, usiviwekee sifuri.

## Hatua ya 8: Omba kilichofichwa

Andiko likikosekana, au kurasa zikiwa zimezibwa, omba. Sheria ya Uingereza ya uhuru wa taarifa ya mwaka 2000 haiulizi uraia. Mtu aliye Mwanza au Mombasa anaweza kuandika barua pepe kwa FCDO, kwa jina lake halisi, na wanatakiwa kujibu ndani ya siku 20 za kazi, bila ada ya kuomba.

Andika kwa ufupi: namba ya mradi, jina la waraka, mwaka. Usiombe "mawasiliano yote kuhusu Tanzania". Wizara inaruhusiwa kukataa ombi ambalo kulitafutia majibu kungegharimu zaidi ya pauni 600, kiasi kinachohesabiwa kuwa saa 24 za kazi. Wakikataa kwa kudai jibu litaharibu uhusiano na nchi nyingine, omba wapitie upya uamuzi wao, na ukikataliwa tena peleka lalamiko kwa kamishna wa taarifa wa Uingereza. Hilo nalo halina ada.

Jibu likija, lihifadhi pamoja na tarehe uliyolipokea na namba ya kumbukumbu waliyokupa. Mhariri wako ataiulizia, na ofisa wa ubalozi naye ataiulizia.